Baba ameacha kidonge cha moyo siku 9, anasema hasikii tofauti

SWALI: Shikamoo. Baba yangu ana miaka 66, ni fundi wa mashua hapa Pangani. Mwanzoni mwa mwaka moyo ulianza kumdunda ovyo na pumzi kumwishia. Hospitali walisema valvu moja imesinyaa kwa ugonjwa wa tangu utotoni, na mapigo yamevurugika. Akapewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pamoja na kidonge kingine, amiodaroni cha miligramu 200: mara tatu kwa siku wiki ya kwanza, mara mbili wiki ya pili, kisha kimoja kila siku. Sasa ni mwezi wa tano. Moyo umetulia na amerudi kazini. Lakini uso na mikono vinamuungua kama amemwagiwa maji ya moto, na mjukuu wake amemsomea ile karatasi ya ndani ya boksi: mapafu, ini, macho, tezi. Akaiacha amiodaroni. Leo ni siku ya 9, anasema hasikii tofauti yoyote, kwa hiyo dawa ilikuwa ya bure. Warfarini anaendelea nayo. Juzi alipata homa, duka la dawa wakampa dawa mseto ya malaria bila kumpima. Je, arudi kuimeza au aache moja kwa moja?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi ni mfamasia, na miaka mingi ya kazi yangu nimeipitishia kwenye kliniki za moyo, kwa hiyo mzee wako nimekwisha kumwona mara nyingi, ingawa kwa sura nyingine. Nianze na la haraka.

Kama baba amezimia, au anapata kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au pumzi inambana akiwa amekaa tu, au kifua kinamuuma, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, au amepata choo cheusi kama lami, acheni kusoma jibu hili mpelekeni hospitali sasa hivi, kwa gari, si nyuma ya bodaboda. Kama hana lolote kati ya hayo, basi kesho asubuhi ipigieni simu kliniki iliyomwandikia dawa au nendeni wenyewe. Semeni wazi, bila kuona haya, kwamba ameacha amiodaroni siku 9 na kwamba amemeza dawa mseto. Ombeni vipimo viwili: INR, kile cha damu kinachoonyesha warfarini inafanya kazi kiasi gani, na umeme wa moyo, kile wanachokiita ECG. Kabla ya hapo asijirudishe kwenye amiodaroni kwa kujiamulia, na kwa vyovyote asianze upya ile ratiba ya mara tatu kwa siku eti kufidia siku alizokosa. Siku moja mbili za kusubiri kumwona daktari hazina hasara, kwa sababu nitakayoieleza sasa, na sababu hiyo ndiyo jibu la karibu kila ulichouliza.

Baba yako ni fundi wa mashua, basi mwelezee kwa lugha ya kazi yake. Sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka mashua, yanapopakwa kwenye mbao, siku ya kwanza ubao huyanywa yote ukabaki mkavu. Unapaka tena, na tena, mpaka ubao ushibe. Baada ya hapo kinachohitajika ni kuupitishia kidogo tu usipungukiwe. Na ukiacha kupaka leo, kesho ubao hauwi mkavu. Sifa imo ndani ya nyuzi za mti, itatoka polepole kwa miezi. Amiodaroni ndivyo ilivyo. Ni dawa inayopenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo ikiingia mwilini hukimbilia kwenye mafuta, ini, mapafu, ngozi na misuli ya moyo wenyewe, ikajikusanya humo. Zile wiki mbili za dozi kubwa zilikuwa za kuushibisha mwili. Kidonge kimoja cha kila siku ni kule kupitishia. Na mtu akiiacha, mwili huchukua kwa wastani siku 50 hivi kuitoa nusu yake, na kwa baadhi ya watu hufika siku 100.

Kwa hiyo baba hakuacha dawa siku 9 zilizopita. Aliacha kumeza. Dawa sehemu kubwa bado anatembea nayo, na ndiyo maana hasikii tofauti. Angeacha dawa nyingine ya mapigo, propranololi kwa mfano, angeweza kuona tofauti ndani ya siku chache. Hii inamdanganya. Moyo unaweza kukaa umetulia wiki kadhaa, akajisifu kwamba alikuwa na haki, halafu siku moja akiwa katikati ya kukalafati mashua ya mtu moyo uanze tena, naye hatakumbuka kuunganisha mambo hayo mawili.

Lipo jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi kuliko moyo kurudi kudunda, nalo ni warfarini. Moyo wenye valvu iliyosinyaa, ambao vyumba vyake vya juu vinatetemeka kama dagaa kwenye wavu badala ya kukaza na kulegea kwa mpangilio, huacha damu imetuama, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, hicho ni kiharusi. Warfarini ipo kuzuia hilo, na INR ndiyo rula yake. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii daktari hutaka isome kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaganda, juu sana inavuja.

Amiodaroni huzuia ini lisiivunje warfarini kwa kasi yake ya kawaida. Mgonjwa anapoanzishiwa amiodaroni, warfarini yake huhitaji kupunguzwa, mara nyingi kwa theluthi moja hadi nusu, na badiliko lenyewe haliji siku moja. Hujikokota wiki sita, saba, ndiyo maana miezi ya mwanzo INR hupimwa mara kwa mara. Bila shaka dozi ya warfarini anayotumia baba sasa ilipangwa amiodaroni ikiwamo. Sasa geuza mambo: amiodaroni inapotoka polepole, ini linapata nguvu zake, warfarini inavunjwa haraka zaidi, na INR inashuka kidogo kidogo bila dalili hata moja. Kidonge kilekile cha warfarini kilichokuwa kinamtosha mwezi uliopita kinaweza kisimtoshe miezi miwili ijayo. Hakuna maumivu yatakayomwambia. Kwa upande mwingine, homa na kutokula vizuri vinaweza kuipandisha INR kwa muda, na baba ametoka kuugua. Sasa hivi mimi siwezi kukisia INR yake imeelekea wapi, na hata daktari hawezi bila kupima.

Na kama kuna jirani atakayemshauri aachane na usumbufu wa kupima, ahamie kwenye dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji INR, mwambie kwa valvu ya namna ile si sawa. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2022, uliofanywa kwa wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ambao moyo wao uliharibiwa na homa ile inayofuata maambukizi ya koo utotoni, ulionyesha kwamba warfarini na dawa za ukoo wake ziliwalinda vizuri kuliko rivaroksabani. Kwa mara moja kitu cha zamani kimeshinda.

Sasa dawa mseto. Kila pigo la moyo lina umeme unaowaka na kujichaji upya. Amiodaroni hufanya kazi kwa kurefusha muda huo wa kujichaji, ili mapigo ya ovyo yasipate nafasi ya kuchomekea. Ukirefushwa kupita kiasi, mambo hugeuka, na moyo unaweza kuingia kwenye mdundo mwingine wa hatari unaomwangusha mtu ghafla. Zipo dawa nyingine nyingi zinazorefusha muda huohuo zikiwa zimeletwa kwa kazi tofauti kabisa, na lumefantrini iliyomo kwenye dawa mseto ya kawaida ni mojawapo. Kwinini pia. Piperakwini pia. Ukizipanga juu ya amiodaroni unaongeza uzito kwenye ngalawa iliyokwisha kupakia.

Usielewe kwamba mgonjwa wa moyo asitibiwe malaria. Malaria inaua haraka kuliko hatari ninayoizungumzia, na watu wengi humeza mchanganyiko huo wakapona salama. Ninachosema ni kwamba kipimo cha malaria cha kuchoma kidole huchukua dakika 15 au 20, na kama hakuna vimelea, baba alibeba hatari ya bure. Kama vimo, atibiwe hospitali inayojua kwamba anatumia amiodaroni, ikiwezekana umeme wa moyo upimwe kwanza na potasiamu iangaliwe. Na mwenye duka la dawa akiuliza, “Mzee anatumia dawa nyingine?” jibu la “Hapana, ameacha” si la kweli kwa baba yako leo, wala halitakuwa la kweli mwezi ujao. Aseme ametumia, ataje na tarehe ya mwisho. Hili nalirudia kwa wagonjwa wangu mpaka wanachoka.

Hapohapo nimalizie habari ya duka, maana kwa uzoefu wangu mgonjwa wa amiodaroni huumizwa zaidi na kidonge cha pili kuliko na amiodaroni yenyewe. Baadhi ya dawa za kuua bakteria zinazouzwa kama karanga, azithromaisini, erithromaisini, siprofloksasini, hurefusha ule muda wa umeme, na baadhi zinapandisha INR pia. Metronidazoli, ambayo kila mwenye tumbo la kuendesha hupewa, inapandisha INR vibaya. Flukonazoli ya fangasi inafanya yote mawili. Kuendesha kwenyewe, na vidonge vya kukojoza kama furosemidi, hutoa potasiamu mwilini, na moyo uliopungukiwa potasiamu hauivumilii amiodaroni vizuri. Digoksini ikitumika pamoja nayo kwa kawaida hukatwa nusu. Simvastatini ya mafuta ya damu isizidi miligramu 20. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini, na mwenye ARV zenye ritonavir, hao dawa zao zote lazima zipangwe upya na daktari, hakuna njia ya mkato. Na diklofenaki, ile watu wanayoiita diklopa, kwa mtu mwenye warfarini ni mwiko, iwe kidonge au sindano. Fundi wa mashua mgongo humuuma, najua. Atumie panadol kwa kiasi, na kama anaihitaji kila siku basi kliniki wajue, kwa sababu hata yenyewe ikizidi siku nyingi inaisogeza INR.

Kwenye chakula sina mengi. Balungi aliache kabisa, tunda na maji yake, kwa kuwa linaongeza amiodaroni inayoingia kwenye damu. Danzi nalo ni wa ukoo uleule, awe mbali nalo. Chungwa tamu halina neno. Mchicha na kisamvu asikatazwe, ila asile wiki nzima kisha aache wiki mbili, maana warfarini inataka mlo usioyumba. Amiodaroni anywe wakati wa kula, na iwe hivyohivyo kila siku, kwa sababu chakula hubadilisha kiasi kinachofyonzwa. Akisahau siku moja, aendelee na kidonge cha siku inayofuata, asimeze viwili.

Nije kwenye ile karatasi iliyomtisha mzee. Sitakwambia kwamba inatia chumvi. Amiodaroni ni dawa yenye nguvu na ina madhara ya kweli, na daktari aliyeiandika alijua hivyo. Ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1961, tena si kwa ajili ya mapigo. Walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya kifua. Asili yake ni utafiti juu ya kelini, kitu kinachotolewa kwenye mmea wa Misri ambao watu wa huko waliutumia tangu zamani kwa maumivu ya figo. (Mwambie mzee, kama ni mtu wa kusema dawa za hospitali hazina mizizi.) Kazi yake kwenye mapigo iligunduliwa baadaye, na Marekani hawakuiidhinisha mpaka 1985, tena kwa mapigo yale ya kutishia uhai tu, ikiwa na onyo kali juu ya mapafu, ini na mapigo yenyewe. Pamoja na hayo, miaka yote hiyo haijaondoka hospitalini, kwa sababu kwa moyo uliochoka au wenye valvu mbovu dawa nyingine nyingi za mapigo ni hatari zaidi au hazifai kabisa.

Kilichokosekana kwenye ile karatasi ni kwamba madhara mengi yanaanza taratibu na yanaweza kuonekana mapema na mtu anayeyatafuta. Swali la kumuuliza daktari wa baba si “Kwa nini umempa sumu?” Muulize, “Vipimo vya mwanzo vipo wapi?” Kabla au mara baada ya kuanza amiodaroni mgonjwa anatakiwa awe na picha ya kifua, damu ya kupima ini na tezi ya shingo, na umeme wa moyo. Damu ya ini na tezi hurudiwa kila miezi sita hivi. Umeme wa moyo angalau mara moja kwa mwaka. Baba yuko mwezi wa tano, kwa hiyo safari hii ya kliniki inaangukia karibu na zamu ya kwanza ya kurudia. Mkiambiwa hakuna kipimo cha tezi hapo, ulizeni kinapatikana wapi. Hospitali za rufaa za mikoa na maabara binafsi mijini wanacho. Hicho msikubali kirukwe.

Maana tezi ndiyo inayopotoshwa kwa urahisi zaidi. Tezi ya shingo inaishi kwa madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Kidonge kimoja cha amiodaroni cha miligramu 200 kimebeba miligramu 75 za madini joto, na kinapovunjwa mwilini takriban miligramu 6 huachiwa huru kila siku, yaani mara 40 ya anachohitaji. Tezi nyingine hustahimili. Nyingine hulala: mtu anachoka, anasikia baridi na wenzake wanatokwa jasho, choo kinakuwa kigumu, uso unafura, uzito unapanda. Wazee wengi huambiwa ni umri. Nyingine huchachamaa: mwili unakonda huku anakula, mikono inatetemeka, usingizi hauji. Kwa mtu wa amiodaroni dalili hizi za kuchachamaa huweza kufichika, na ishara pekee ikawa moyo uliokuwa umetulia miezi mingi kuanza kudunda ovyo tena, au INR kupanda bila sababu. Mkiona hivyo, kipimo cha tezi kifanywe kabla mtu hajakimbilia kuongeza dozi. Nimeona dozi ikiongezwa kwa mgonjwa ambaye dawa yenyewe ndiyo ilikuwa inamchokoza. Hata miezi kadhaa baada ya kuacha, tezi inaweza kuvurugika. Ubao bado una sifa.

Mapafu ndiyo madhara ninayoyaogopa kuliko yote. Si wengi wanaoyapata, na kwa dozi ya kidonge kimoja kwa siku ni wachache zaidi, lakini yakiachwa yanaweza kuua. Huanza na kikohozi kikavu na pumzi kupungua, pengine homa kidogo na kukonda. Huku kwetu, mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili, homa na kukonda hupelekwa moja kwa moja kwenye kipimo cha kifua kikuu, na ni sawa apimwe. Tatizo ni pale makohozi yanaporudi hayana kitu, akaanzishiwa dawa ya nimonia, kisha nyingine, na hakuna aliyeuliza anatumia nini kwa ajili ya moyo. Baba akipata kikohozi kisichoisha, au akianza kutweta kwa kazi aliyokuwa akiifanya bila shida, sentensi ya kwanza kwa daktari yeyote iwe: “Natumia amiodaroni.” Ile picha ya kifua ya mwanzo ndipo inapopata thamani, kwani inalinganishwa na ya sasa.

Macho, tofauti na inavyosomeka kwenye karatasi, mara nyingi hayana jambo kubwa. Karibu kila anayeitumia kwa miezi hupata vijipunje vidogo juu ya kioo cha jicho, daktari wa macho huviona, mgonjwa mwenyewe pengine huona tu duara la mwanga kuzunguka taa usiku. Havipofushi na hutoweka dawa ikiachwa. Ila jicho likififia ghafla, au nusu ya anachokiona ikatoweka, hiyo ni dharura. Ini kwa kawaida hujitambulisha kwenye damu kabla ya mwili. Macho kuwa manjano na mkojo mweusi ni dalili za kuchelewa, asingoje zije.

Kitu ambacho hakimo kwenye karatasi kabisa, nacho nimekutana nacho zaidi ya mara moja: mgonjwa anaendelea kumeza mara tatu kwa siku miezi minne mfululizo, kwa kuwa kila akienda kununua anaonyesha boksi la kwanza, na boksi la kwanza limeandikwa 1x3. Au amebadilishiwa kampuni, boksi moja linaitwa Cordarone, jingine limeandikwa amiodarone tu, akadhani ni dawa mbili, akazimeza zote. Leo hii yakusanye maboksi yote ya baba mezani, soma maandishi madogo yanayotaja dawa yenyewe, na lile la ratiba ya zamani likate kwa kalamu.

Je, ni ya maisha? Kwa wengine ndiyo. Kwa wengine hutolewa miezi michache kuutuliza moyo, au kuuandaa kabla ya kurudishwa kwenye mdundo wake kwa shoti ya umeme, au mpaka valvu irekebishwe, kisha huondolewa. Daktari wa moyo anaweza pia kuamua kumwacha baba na mapigo yasiyo sawa lakini yaliyopunguzwa kasi, akamtegemeza kwa warfarini na dawa nyingine. Hiyo ni tiba halali, si kushindwa. Kwa hiyo baba anaweza kwenda na kusema, “Sitaki kuendelea na hii,” na akapewa njia nyingine iliyopangwa, warfarini ikifuatiliwa kwa miezi wakati amiodaroni inatoka. Alichokosea ni kuacha peke yake, kimya. Na valvu yenyewe, kama hajawahi kupimwa moyo kwa picha ya eko na kuonwa na daktari bingwa wa moyo, iwe Tanga mjini au katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, ulizia rufaa. Vidonge havifungui valvu.

Wewe mwenyewe jifunze kumhesabia mapigo. Vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, akiwa ametulia dakika tano. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana mapigo yasiyo na mpangilio hukudanganya. Andika kwenye daftari pamoja na INR ya kila safari. Yakiwa chini ya 50, au juu ya 110 akiwa amepumzika, kliniki ijue siku hiyohiyo.

Nimebakiza uso wake, ambao nadhani ndio uliomfanya aache. Ile karatasi ilimpa sababu tu. Kuungua kule ni amiodaroni iliyojaa kwenye ngozi ikikutana na jua, na ngozi nyeusi haikingi vya kutosha. Lakini angalia hesabu inavyomgeukia: kwa kuwa dawa hutoka polepole, ngozi itaendelea kuungua miezi kadhaa hata kama hatameza tena kidonge kimoja. Kwa hiyo ajikinge, aendelee au aache. Ufukweni jua linampiga mara mbili, la juu na linalorudishwa na mchanga na maji. Avae pama pana ya ukindu badala ya kofia ya kawaida, mikono mirefu ya kitambaa kizito, kazi ya nje ifanywe kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Losheni ya kukinga jua inunuliwe yenye zinki oksaidi, ile nyeupe inayobaki usoni kama chokaa. Zile nyepesi za manukato hazimfai. Akisafiri kwa basi asikae dirishani upande wa jua, kwani kioo kinapitisha mwale uleule unaomuunguza. Miaka ikienda ngozi ya uso inaweza hata kuanza kuwa na rangi ya kijivu-bluu, nayo ni sababu nyingine ya kumwambia daktari mapema ili dozi ipunguzwe ikiwezekana.

Na kama mashua anayoiunda sasa bado ni mkuku na mataruma tu, haijawa nzito, waombe vijana waisogeze kivulini, chini ya mti wa mkungu.